Stika mpya haitoshi kwenye kipima mionzi

Mhariri,

Kipima mionzi chenye stika mpya huaminiwa bila maswali, kiwe cha chumba cha eksirei hospitalini au cha skana ya makontena bandarini Kilindini. Stika husema tu kwamba kifaa kilipelekwa kuhakikiwa, yaani usomaji wake kulinganishwa na mionzi ya kiasi kinachojulikana. Matokeo yenyewe yamo kwenye cheti, nacho kisomwe na anayekitumia kifaa, si karani wa ununuzi peke yake.

Tazameni kwanza kilihakikiwa kwa chanzo gani. Aghalabu ni seziamu-137, madini yatoayo mionzi yenye nishati ya keV 662 (keV ni kipimo cha nishati ya mionzi), ilhali mionzi inayotawanyika chumba cha eksirei ni ya makumi ya keV tu. Geiger, yaani kipima kinachohesabu mionzi tukio kwa tukio, isipokuwa na kichujio cha kusawazisha nishati yaweza kusoma hapo mara kadhaa zaidi ya ukweli. Kwenye skana yenye kiharakishi, mashine inayoongeza kasi ya elektroni ili kutoa mionzi, kosa hugeuka. Mionzi hutoka kwa mapigo mafupi mno, na Geiger huhesabu pigo zima kama tukio moja, hivyo husoma chini. Hilo ndilo la hatari, maana mtu hujiona yu salama.

Halafu kuna hewa, jambo ambalo sisi wa pwani hatuna budi kuliuliza. Shinikizo la hewa Nairobi ni yapata kilopaskali 83, hapa ni 101. Chemba ya ayoni iliyo wazi, yaani kipima kinachopima umeme ambao mionzi huuzalisha katika hewa iliyomo ndani yake, ikirekebishwa isome sawasawa katika hewa ya Nairobi bila hesabu kurejeshwa kwenye nyuzi 20 na kilopaskali 101.3, ikifika Mombasa itazidisha kwa karibu asilimia 18, hata baada ya joto letu kuhesabiwa. Cheti kisichotaja joto na shinikizo kirudishwe kilikotoka.

Unyevu nao hupitisha umeme juu ya vihami, sehemu zinazopaswa kuzuia umeme, mshale wa kipima ukapanda pasipo chanzo chochote. Chembe za silika zinazofyonza unyevu ndani ya kifaa zikigeuka kutoka buluu kuwa waridi, zibadilishwe.

Uhakiki hufanywa kila mwaka na baada ya kila matengenezo, lakini kabla ya kazi pimeni betri, someni mionzi ya kawaida ya mazingira, kisha wekeni chanzo kidogo cha majaribio mahali palepale pa siku zote. Usomaji ukitofautiana na ule wa siku ya uhakiki kwa zaidi ya asilimia 20, kifaa kiwekwe kando. Na maabara ikiandika “kimefaulu” tu, idaini namba: usomaji kwa angalau viwango viwili vya mionzi kwa kila skeli, pamoja na kiasi cha shaka ya kipimo, yaani kadiri usomaji unavyoweza kukosea.

Wapimaji wa mionzi,
Mombasa