Rekodi za vitabu vya Kiswahili zifunguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni mkutubi katika maktaba ya wilaya.

Mwezi uliopita tulipokea maboksi mawili ya vitabu. La Kiingereza nilimaliza kuliorodhesha kabla ya chai ya saa nne. Unaandika ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kitabu, programu ya maktaba iitwayo Koha inavuta rekodi kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani, na kila kitu kinakuja: mwandishi, mchapishaji, mada, hadi namba ya Dewey inayopanga vitabu rafuni kwa mada.

La Kiswahili lilinichukua siku tatu. Namba nyingi hazikuleta kitu, na vitabu vya zamani havina ISBN kabisa. Kimoja cha methali kililiwa na mchwa, ukurasa wa mbele umebaki nusu. Nikampigia mwenzangu wa Morogoro. Kumbe alikiorodhesha miaka mingi iliyopita! Akanisomea rekodi nzima kwa simu, mstari kwa mstari, huku mimi naandika. Rekodi hiyo imo ndani ya kompyuta ya chuo chao, na aliye nje haioni.

Ndugu Mhariri, kazi hii inalipwa kwa fedha za umma, halafu tunairudia kila mji. Wapo wakuu wanaosema rekodi ni mali ya taasisi. Lakini kumpa mwenzio rekodi si kumpa kitabu. Ni maelezo tu: nani aliandika, wapi kilichapwa, kina kurasa ngapi. Chuo Kikuu cha Harvard kiliachia rekodi zaidi ya milioni 12 mwaka 2012, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikatoa milioni 25 mwaka 2017, achukue anayetaka. Hakuna aliyefilisika. Open Library, orodha huria ya vitabu mtandaoni, nayo hupokea rekodi za maktaba kutoka popote, na msomaji yeyote anaweza kusahihisha kosa.

Na makosa yapo. Wageni wanaotuorodheshea huligeuza jina la baba kuwa la ukoo, hivyo Juma Hassan anawekwa kwenye H, na msomaji anayemtafuta kwenye J anaambiwa hayupo. Nani atalirekebisha hilo kama si sisi tunaoyajua majina yetu?

Ombi langu ni kwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Sheria inawataka wachapishaji wapeleke nakala za vitabu vyao maktaba ya taifa. Rekodi zinazotokana na nakala hizo zitolewe wazi, bila masharti, ili kitabu kikiorodheshwa Dar es Salaam, mkutubi wa Kigoma, Mombasa au Bujumbura akikute tayari.

Koha hutoa faili la rekodi kwa dakika chache. La maktaba yetu liko kwenye flashi, mezani kwangu. Nimeandika barua kuomba ruhusa ya kulitoa, na mpaka leo nasubiri saini.

Mkutubi,
Tanga