Barua ya wazi kwa Waziri mupya: serikali ibadilike, lakini dosie yangu muiache pale iko

Muheshimiwa Waziri,

Nakusalimia na heshima yote. Miye ni muzee wa Lubumbashi, mu Congo yetu, komine ya Kenya, nilifundisha masomo ya uraia miaka 31, na toka mwisho wa 2022 nangojea sahihi moja tu ku dosie ya pensheni. Jina ya wizara sitaji, ukisoma utajijua.

Siku ya ine iliyopita nilirudi ku biro. Dada mwenye kukaa pale alifungua kabati, akavuta dosie yangu (naijua hata na mbali, iko na alama ya chai ku kona, nilimwanga miye mwenyewe), akapuliza vumbi, akasema, papa, waziri alibadilika, barua iko na jina ya ule wa zamani, enda uandike ingine. Ya ine hiyo, Muheshimiwa! Ya kwanza 2022. Ya pili, juu walibadilisha serikali ya waziri mukuu Sama Lukonde mwezi wa tatu 2023, pale Bemba aliingia ku ulinzi na Kamerhe ku uchumi. Ya tatu, juu Mama Suminwa, waziri mukuu mwenye kumufuata, alikuya na serikali yake, na hapo tulingoja sana, yeye alitajwa tarehe 1 mwezi wa ine 2024, batu yake 54 bakatangazwa mwisho wa mwezi wa tano. Ya ine ni ya mabadiliko ya tarehe 8 mwezi wa munane 2025. Kila mara fotokopi, picha mupya, taksi kwenda na kurudi, na ku nyumba bibi yangu haulize tena kama balisaini, anauliza tu kama nilibakisha makuta ya unga.

Usifikiri napinga kubadilisha bawaziri. Miye njo nilikuwa nafundisha batoto ile kintu ku ubao. Kwetu katiba ya 2006, ku article 78, inasema Raisi njo anataja bawaziri, waziri mukuu anapendekeza. Mu Uingereza waziri mukuu anaamuka tu asubui anapanga: Macmillan, tarehe 13 mwezi wa saba 1962, alifukuza bawaziri saba mara moja. Mu Marekani Raisi anafukuza peke yake, lakini kuingiza mupya lazima Seneti ikubali. Kenya (haiko komine yetu, ile ya Nairobi) mwezi wa saba 2024 Raisi Ruto alifukuza karibu baraza nzima, na bapya balipita kwanza ku bunge kuulizwa maulizo. Sawa. Lakini mu Uingereza waziri akitoka, mukubwa wa biro anabaki, bakarani banabaki, na karatasi inabaki pale ilikuwa. Hapo batoto hawakuniuliza kintu, na miye sikuwaeleza, juu sikujua kama siku moja itaniuma.

Kwetu, labda nakosea, naona kila waziri anakuya na kabine yake nzima, bakonseye, sekretere, dereva, ndugu ya dereva, na akitoka anatoka nao bote, hata ule mwenye kujua funguo ya kabati. Dosie inabaki yatima.

Na weye, siku ya kupokezana wizara, ulisema mbele ya kamera kama dosie za bazee zitakuwa za kwanza. Nilisikia ku radio, nikapiga makofi peke yangu mu chumba. Bibi alicheka. Alikuwa na haki ya kucheka.

Nilitaka kuomba mingi, kama barua ziandikwe ku cheo haiko ku jina ya muntu, kama bakarani basihamishwe, kama nini na nini. Nimechoka. Saini tu, Muheshimiwa, hata ukiwa umesimama, hata ku mulango wa gari. Barua ya ine iko ku meza yako ao chini ya meza, dosie ni ile ya alama ya chai. Majirani banaanza tena kusema serikali itabadilika, na miye makuta ya barua ya tano sina.

Mwalimu wa zamani, komine ya Kenya, Lubumbashi