Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Kidijitali: Fedha za miji mahiri zije na sharti

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali,
Nairobi.

KUH: KUWEKA WAZI DATA NA MIKATABA YA MIRADI YA KIDIJITALI MIJINI

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa katibu wa chama cha wakazi katika mtaa wa Umoja, mashariki mwa Nairobi, nikijua kwamba msimu wa kutayarisha bajeti hukuletea mezani maombi mengi ya faiba, kamera na vituo vya kuhifadhi data. Sisi hatuombi kifaa chochote. Tunaomba wizara yako iweke sharti moja kwa kila shilingi ya umma itakayotumiwa kwa jina la mji mahiri, yaani mji unaoendesha huduma zake kwa teknolojia ya kidijitali: kwamba data itakayokusanywa kuhusu huduma za mji, pamoja na mkataba wa mfumo unaoikusanya, iwekwe hadharani mahali ambapo mkazi wa kawaida anaweza kuisoma. Data inayomhusu mtu binafsi ibaki imefungwa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ninazungumzia mfereji, bomba, taa ya barabarani, matatu na kibali cha ujenzi.

Serikali haijakosa nia, na ni haki kukiri hivyo. Tangu Konza, mji mpya wa teknolojia, ilipoingizwa katika Ruwaza ya 2030, mpango wa taifa wa maendeleo, na Rais Mwai Kibaki alipozindua ujenzi wake Januari 2013 kwenye ekari 5,000 za Malili, mwendo wa takribani kilomita 60 kutoka hapa kwa Barabara ya Mombasa, tumeona barabara zikitandazwa na kituo cha kitaifa cha kuhifadhi data kikisimamishwa. Siibezi kazi hiyo. Hata hivyo, anayejenga mji mahali ambapo hapakuwa na mji ana nafuu ambayo Nairobi haiwezi kumpa: hana kibanda cha mtu cha kuzunguka, wala bomba la zamani lisilojulikana linakoelekea, wala kesi ya ardhi iliyorithiwa na wajukuu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti hii, na hapa ndipo msaada wa serikali kwa miji ya kidijitali utakapopimwa.

Tazama jinsi fedha zilivyoelekezwa hadi sasa. Mwaka 2014, baada ya shambulio la kigaidi la 2013 kwenye jengo la maduka la Westgate, serikali iliingia mkataba wa karibu shilingi bilioni 15 wa mfumo wa mawasiliano na uangalizi wa polisi, wenye kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Sababu yake ilieleweka, kwani jiji lililofiwa namna ile lina haki ya kujilinda. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, Julai 2011, serikali hiyo hiyo ilikuwa imezindua tovuti ya data huria, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kufanya hivyo, na watu wakaweza kusoma takwimu za sensa, za matumizi ya serikali, za shule na za vituo vya afya. Kamera zilipata kandarasi ya mabilioni. Tovuti ilipata sherehe ya uzinduzi, kisha ikaachwa izeeke bila kulishwa data mpya. Tumefika mahali ambapo serikali ina njia nyingi za kumwona mkazi anapovuka barabara, ilhali mkazi hana njia ya kuona ni lini barabara hiyo ilikarabatiwa mara ya mwisho, na kwa gharama gani.

Niruhusu nikae kidogo kwenye mfereji wa maji ya mvua, kwa sababu ndio unaotusumbua zaidi. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua watu, zikawafukuza maelfu ya wakazi wa kando ya mito katika mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru, na hata mitaa isiyokaribia mto, kama wetu, iliingiliwa na maji. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti jukumu la maji ya mvua mijini, lakini mfereji ulio kando ya barabara kwa kawaida hufuata mwenye barabara, naye anaweza kuwa mamlaka ya barabara kuu, mamlaka ya barabara za mijini, au kaunti yenyewe. Hapa mtaani mfereji unaanzia nyuma ya ploti, unapita chini ya vibanda vya mitumba, kisha unaingia kwenye kalvati, yaani njia ya maji iliyo chini ya barabara kubwa. Humo ndani ya kalvati ndimo kila kitu hukwama: chupa za plastiki, matambara, kokoto zilizosombwa kutoka kwa mtu anayejenga juu kidogo. Tumepiga simu ofisi moja tukaambiwa kalvati si yao. Tukapiga nyingine, tukaambiwa tatizo liko kwenye mfereji wa juu, nao si wao. Wakati huo maji yameshafika kwenye magunia ya viazi ya akina mama wanaouza pembeni.

Jambo hili halihitaji mtambo wa kigeni. Michoro ipo, maana barabara haijengwi bila mchoro, na kila ofisi inajua mipaka yake vizuri sana inapokuwa inakataa kazi. Kinachokosekana ni kuileta michoro hiyo pamoja kwenye ramani moja ya wazi, ambapo kila kalvati ina namba, jina la ofisi inayolimiliki, na tarehe lilipozibuliwa mara ya mwisho. Mkazi akiona limeziba, apige picha kwa simu, aitume kwa namba hiyo, na jibu lionekane na wote. Sioni kwa nini hilo lisitangulie kamera nyingine moja zaidi.

Pengine utaambiwa, Mheshimiwa, kwamba data ya jiji kama letu haiwezi kukusanyika kwa sababu mambo yetu hayana mpangilio. Nairobi yenyewe imekwisha kulijibu dai hilo. Kuanzia 2012, watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi kila steji na kila njia, zikiwemo steji ambazo hazina hata kibao na hujulikana kwa jina la duka lililofungwa zamani. Mwaka 2014 walitoa ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu za jiji hili, na data yenyewe wakaiweka wazi kwa yeyote. Watengenezaji wa programu waliichukua wakaitumia, na mwaka uliofuata msafiri wa Nairobi akaweza kupanga safari ya matatu kwenye Google Maps. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa na mtambo wowote zaidi ya simu, subira, na uamuzi wa kutoifungia data kabatini.

Mwaka huo huo wa 2014 ulitupa pia mfano wa kinyume. Serikali iliagiza kwamba kuanzia Julai abiria wa matatu walipe nauli bila pesa taslimu. Kadi zikazuka, kila kampuni na yake, na kadi ya gari hili haikukubalika kwenye gari lile. Makondakta, ambao hulipwa kwa siku na hutoa humo humo pesa za mafuta, hawakuona faida yoyote kwao. Tarehe ikasogezwa mbele, kisha mpango ukafifia. Baadaye abiria na makondakta wakaanza wenyewe kulipana nauli kwa M-Pesa, bila amri ya mtu. Msomaji anaweza kutoa mafunzo mengi hapo. Mimi naona moja la kukufaa wewe: agizo la kadi liliandikwa na watu ambao hawakuwa wamekaa chini kuangalia jinsi pesa inavyozunguka ndani ya matatu, na hakukuwa na data ya wazi ambayo mtu mwingine angeweza kuitumia kuwaonya mapema.

Mukuru nako mambo yalikwenda kama kwenye ramani ya matatu, si kama kwenye kadi. Kaunti ilipotangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango Agosti 2017, wakazi wenyewe, wengi kupitia Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, walikuwa tayari wameshahesabu na kuchora vijiji vyao, na mpango ukajengwa juu ya takwimu hizo. Pale serikali ilipokubali kuanza na kile wakazi wanachojua, kazi ilisonga.

Sasa nije kwenye huduma za serikali mtandaoni, ambazo ni fahari ya wizara yako. Tangu Juni 2023, huduma zaidi ya 5,000 zilipotangazwa kuingizwa kwenye eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma, idadi imeendelea kukua, na sina ubishi kwamba foleni nyingi zimepungua. Lakini ukitaka kujua mwananchi wa Umoja anaifikiaje eCitizen, usiende kwenye chumba cha seva, njoo saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti la mtaani. Utamkuta kijana mmoja nyuma ya kompyuta, na kando yake daftari la mistari lililojaa majina, namba za vitambulisho na nywila za wateja, kwa sababu wateja husahau na yeye ndiye anayekumbuka kwa niaba yao. Kijana huyo ni mwaminifu, nina hakika. Ila Sheria ya Ulinzi wa Data haikuandikwa ikimfikiria, na hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuketi naye kumfundisha. Serikali imeahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi nchini. Kabla ya kukinunulia kila kituo kompyuta mpya, ningependa mtu afikirie kuwapa watu wa saiba mafunzo na cheti, kwa kuwa wao tayari ndio kaunta ya serikali katika mitaa yetu.

Narudi kwenye mikataba. Sharti tunaloliomba halihitaji Bunge litunge sheria mpya. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazitaka taasisi za umma zichapishe taarifa za mikataba zinayotia saini, bila kungoja kuulizwa. Sote tunajua hali ilivyo: mkataba wa mkopo wa SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, ulitiwa saini 2014, na wananchi walionyeshwa sehemu yake Novemba 2022, treni ikiwa imeshakimbia miaka mitano. Mikataba ya mifumo ya kidijitali ni hatari zaidi ikifichwa. Reli ikishajengwa inaonekana kwa macho. Programu ya kompyuta mtu haoni ndani yake, na masharti ya nani anamiliki data, na kaunti itailipa kampuni nini ikitaka kuhamia kwingine, yamo kwenye kurasa ambazo hatuonyeshwi. Jiji la Barcelona lilikwisha kuliona hili, likaweka kwenye zabuni zake sharti kwamba kampuni inayopewa kazi ya jiji irudishe data kwa baraza la jiji katika muundo unaosomeka na kompyuta. Kampuni zilizotaka kazi zilikubali.

Huenda maofisa wako watakushauri ujibu kwamba mipango ya mji na maji ya mvua ni kazi za kaunti, na wizara isiingilie ugatuzi. Ni kweli kwa maandishi. Lakini mkongo wa faiba, vituo vya kidijitali vya wadi, eCitizen na viwango vya teknolojia katika serikali vinatoka upande wenu, na anayetoa fedha na viwango ana uwezo wa kusema data itatoka katika sura gani. Hatukuombi uizibue mifereji ya Umoja. Tunaomba kwamba kaunti au mamlaka yoyote itakayopokea msaada wako wa kidijitali isiupokee bila kufungua vitabu vyake.

Ningependelea uanze na jambo dogo linaloweza kukaguliwa. Kabla ya mvua za masika zijazo, ziite mamlaka za barabara na Kaunti ya Nairobi kwenye meza moja, zitoe ramani ya mifereji na makalvati ya jiji zima ikiwa na majina ya wanaohusika, na ramani hiyo iwekwe kwenye mtandao bila nywila na bila malipo. Nakala ya karatasi ibandikwe katika ofisi ya kila mmojawapo wa machifu wetu, kwa ajili ya wasio na simu za intaneti. Ikipatikana, chama chetu kitajitolea kuzikagua sehemu za Umoja, kalvati kwa kalvati, na kuleta masahihisho kwa maandishi. Pamoja na ramani hiyo, tunaomba orodha ya mikataba yote ya mifumo ya kidijitali ya mijini inayogharimiwa na wizara yako katika mwaka huu wa fedha, ikionyesha kiasi, muda, na mwenye data. Ombi rasmi chini ya Sheria ya 2016 tutaliwasilisha kwa afisa wako wa habari, ambaye kwa mujibu wa sheria hiyo ana siku 21 za kulijibu.

Wako mwaminifu,

Katibu, kwa niaba ya chama cha wakazi,
Umoja, Nairobi.