Barua ya Wazi kwa Mdogo Wangu Aliyesema Mtandao Una Lugha Yake

Mdogo wangu,

Nimepata habari kwamba unawaambia watu kuwa nimekununia kwa sababu ya urithi. Urithi haumo katika jambo hili, kwa kuwa unajua vizuri kwamba Baba alituachia vitabu na madeni madogo madogo, na vyote viwili tulivigawana bila kelele. Kinachoniuma ni kile ulichomjibu Shangazi, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nimeamua kuandika hapa ambapo hata wenzako wa kazini watasoma, pengine kwa msaada wa ile mashine ya kutafsiri unayoisifu kila siku.

Ukurasa wa kumbukumbu ya Baba ulikuwa mzuri, na sijawahi kukataa hilo. Picha ulizichagua kwa ustadi, na ile ambayo ameshika chaki uliisafisha mpaka ikawa kama imepigwa jana. Lakini maisha yote ya mwalimu wa Kiswahili uliyaandika kwa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho. Shangazi, aliyemlea Baba tangu alipobaki yatima, aliishika simu, akapitisha kidole juu na chini akilitafuta jina lake mwenyewe, kisha akampa mjukuu amsomee. Alipokuuliza kwa upole kwa nini hukuandika kwa lugha ya marehemu, ulimjibu mbele ya ukoo mzima: "Shangazi, Kiswahili ni cha kuongea, mtandao una lugha yake." Watu walicheka. Yeye alisema tu, "Haya, baba," akairudisha simu. Umeshamwomba radhi kwa mambo madogo kuliko hilo, kwa hiyo najua kwamba kuomba radhi unakuweza.

Ungekuwa hujui, ningenyamaza. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Unicode ni kanuni ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, na kwamba hati, yaani mfumo wa herufi za lugha, isiyokuwamo humo haiwezi kusafiri kutoka simu moja hadi nyingine. Wewe ndiye uliyenisimulia habari za Ibrahima na Abdoulaye Barry, ndugu wawili wa Guinea ambao mwishoni mwa miaka ya 1980, wakiwa bado watoto wa shule, walibuni alfabeti ya Adlam kwa ajili ya Kifulani, wakasubiri hadi mwaka 2016 ndipo ikaingizwa katika kanuni hiyo. Mwandishi wa Kiamhari akituma ujumbe mfupi wa simu kwa hati yake, ujumbe mmoja hubeba herufi 70 tu, wakati herufi za kawaida za Kilatini hufika 160, na mwandishi wa Kiyoruba anahangaika na nukta za chini na alama za toni ambazo kibodi nyingi hazina. Sisi tumepata bahati ambayo hatukuitolea jasho: kila herufi ya Kiswahili iko kwenye kila kibodi. Wenye vikwazo wanapigana, nasi tusio na kikwazo tunatoa udhuru.

Udhuru wenyewe ni wa zamani. Kwamba lugha haina istilahi, watu walilijibu mwaka 2004 kwa vitendo, programu ya ofisi ya OpenOffice ilipotolewa kwa Kiswahili. Ulilobaki nalo ni hoja ya soko, kwamba hakuna anayetafuta kitu kwa Kiswahili. Tazama basi mzunguko wake: mtu hutafuta kwa Kiswahili, hapati kitu cha maana, na mara ya pili hutafuta kwa Kiingereza hata kama hakielewi sawasawa, kisha mwenye tovuti huhesabu maulizo na kusema wasomaji wake wote wanataka Kiingereza. Simu yako yenyewe umeiweka katika Kiingereza, nawe umo katika hesabu hiyo.

Kuhusu mashine kututafsiria kila kitu, ndipo ninapokushangaa zaidi, kwa sababu kazi hiyo unaijua kwa ndani. Mashine hujifunza kutokana na maandishi ya watu. Sisi tusipoandika, itaokota kurasa zilizotafsiriwa na mashine nyenzake, na makosa ya leo yatakuwa somo la kesho. Katika Common Voice, mradi wa shirika la Mozilla ambapo watu wa kawaida husoma sentensi kwa sauti na wengine huzihakiki ili mashine zijifunze lugha yao, wazungumzaji wa Kinyarwanda wamekusanya zaidi ya saa 2,000 za sauti. Hawakungoja soko. Sisi, ambao mwaka 2021 UNESCO ilitutengea tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Umoja wa Afrika ukatupokea kuwa lugha rasmi ya kazi mwaka 2022, tunaipokea heshima kwa hotuba ndefu, na baada ya hotuba kila mtu hurudi kwenye Kiingereza chake.

Ulisema pia, na hili uliwaambia watu wengine bila kuniambia mimi, kwamba Baba alipokuwa anaumwa nilishughulika na makala za bure za Wikipedia badala ya kumtazama. Nilikuwa pembeni ya kitanda chake. Makala nilizokuwa nikiandika nilimsomea sentensi kwa sentensi, naye alisahihisha upatanisho wa ngeli akiwa amefumba macho, na siku alizokuwa na nguvu alinigombeza kama mwanafunzi mvivu. Wewe ulituma fedha, na zilisaidia sana, Mungu akubariki. Lakini fedha haziwezi kubishana na mgonjwa kuhusu sentensi, na ubishi huo ndio uliomfanya aulize kila asubuhi tumefika wapi. Sikulipwa, ni kweli. Sikumbuki kama Baba naye aliwahi kulipwa kwa barua zote alizowasahihishia majirani.

Ninachokuomba hakihitaji uache kazi yako. Badilisha lugha ya simu yako. Unapojenga programu, usiunganishe ujumbe kwa kuchomeka nomino yoyote mbele ya kitenzi kilekile, kwa sababu kwetu picha imefutwa, ujumbe umefutwa na kitabu kimefutwa. Acha nafasi ya sentensi nzima, ili atakayeitafsiri asilazimike kuandika upuuzi. Haya ni mambo unayoyaweza wewe na siyawezi mimi, na ndiyo maana nimekukasirikia wewe kuliko ninavyowakasirikia wasiojua.

Wasifu wa Baba nimeuandika kwa Kiswahili, na nenosiri la ukurasa unalo wewe peke yako. Sitaki ukiondoe Kiingereza chako, kwa kuwa watoto wako watakihitaji. Nataka nafasi juu yake. Sehemu ya miaka aliyofundisha mbali na nyumbani ina mapengo, nawe ndiye aliyekuchukua ukakae naye huko. Yajaze wewe, kwa Kiswahili chako hichohicho, nami ngeli nitazirekebisha bila kukugombeza.