Vichekesho vya jukwaani vinaharibiwa na sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vikundi vya maigizo vya hapa Mwanza vinavyorekodi vichekesho ukumbini na kuvipandisha mtandaoni. Picha zenu siku hizi ni safi. Sauti ndiyo inayowaangusha, na mtazamaji asiposikia neno la mwisho la utani hana cha kumchekesha.

Tatizo hili lina umri mkubwa. Mfano ni tamthilia ya kuchekesha ya Mwingereza Ben Travers, Rookery Nook, iliyoanza kuchezwa Juni 1926 katika ukumbi wa Aldwych, London, ikafikisha maonyesho 409. Mwaka 1930 ikawa filamu ya sauti, Tom Walls akiiongoza na kuigiza pamoja na Ralph Lynn na Robertson Hare, wenzake wa jukwaani. Katika hadithi yake, bwana aliyetoka kuoa anafikia nyumba ya kupanga. Usiku anaingia binti aliyefukuzwa na baba wa kambo, amevaa nguo za kulalia, na shemeji mdaku hakai mbali. Kila mlango ukifunguka ni balaa.

Filamu za sauti zilipoanza, kamera zilikuwa na kelele, zikafungiwa ndani ya kibanda chenye kioo. Kuzisogeza ilikuwa kazi, na waigizaji walilazimika kukaa karibu na maikrofoni. Ndiyo sababu filamu nyingi za wakati huo zinaonekana kama jukwaa lililopigwa picha. Nyinyi hamna kibanda, basi msiache kamera moja nyuma ya ukumbi mwanzo hadi mwisho.

Maikrofoni ya simu iliyo mita 10 kutoka jukwaani hunasa mwangwi wa kuta za saruji, feni na kikohozi cha mstari wa mbele. Mwenye maneno mengi abaniwe maikrofoni kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, isiguse kitenge wala mkufu. Kinasa sauti kiwekwe sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, na kwenye kipimo chake cha ukubwa wa sauti mazungumzo yacheze karibu na desibeli -12. Kelele za ugomvi zikigonga sifuri, yaani kikomo cha juu cha kipimo hicho, sauti hupasuka na hakuna programu ya kuirudisha vizuri. Simu nyingi hubadili zenyewe idadi ya picha kwa sekunde, hivyo baada ya dakika kadhaa midomo na maneno huachana. Pigeni kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni mwa kila kipande, mpate pa kulinganishia.

Mandhari ya nje, Kirumba au Nyegezi, rekodini asubuhi. Mchana upepo wa ziwani huingia nchi kavu na maikrofoni isiyo na sponji huvuma tu. Mvua ikianza juu ya bati, simamisheni kazi.

Kigumu kuliko vyote ni kicheko. Jukwaani mwigizaji husubiri kicheko kifike kileleni, kikianza kushuka ndipo anasema neno linalofuata. Kwenye filamu hawezi kumsubiri mtu aliyeko Igoma na simu yake. Akiunganisha haraka, utani wa pili unamezwa na kicheko cha kwanza. Akinyamaza tu, pengo linaonekana. Walls na Lynn walikuwa na faida kubwa: maonyesho ya jukwaani yalishawaonyesha watu wanachekea wapi. Kwa hiyo chezeni kwanza mbele ya watu, wekeni alama kwenye mswada kila walipocheka, kisha rekodini upya bila watazamaji. Penye alama, wekeni uso wa anayeambiwa kwa sekunde moja au mbili, asitamke neno la maana.

Ukumbi ukiwa mtupu mwangwi huongezeka. Tundikeni mablanketi mazito nyuma ya kamera na pembeni. Khanga ni nyepesi mno kwa kazi hiyo. Rekodini pia nusu dakika ya ukimya wa ukumbi, itumike kuziba viungo vya uhariri. Kisha sikilizeni kila kipande kwa spika ya simu ya kawaida kabla waigizaji hawajavua mavazi, ili neno lisilosikika lirudiwe papo hapo.

Mpenzi wa maigizo,
Nyamagana, Mwanza