Barua ya wazi kwa Mheshimiwa niliyembeba mgongoni

YAH: GATI

Mheshimiwa,

Shikamoo. Kwa umri nadhani wewe ndiye ungeniamkia, lakini mbele ya cheo mvi hazihesabiwi, na sitaki barua hii ikwamie kwenye salamu. Tatu zilizotangulia zilikwamia masjala. Nakala zake zenye mhuri wa kupokelewa ninazo, nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na leseni zangu zisije zikalowa. Jina lako silitaji, ofisi yako siitaji, hata mwalo wetu, pale tunapopaki boti na kushusha samaki, siutaji. Utajijua tu.

Mimi ndiye niliyekubeba. Ilikuwa mwaka 2022, kiangazi. Boti iliyowaleta ilishindwa kufika nchi kavu kwa sababu ya mawe na magugu maji, ikasimama pale maji yanapofika kiunoni. Ulivaa suti ya kijivu na viatu vya ngozi. Wasaidizi wako wakaanza kuangaliana kila mmoja akimsubiri mwenzake. Nikaingia majini, nikakupa mgongo, nikainama, ukapanda. Mheshimiwa, wewe si mwepesi. Tulipofika katikati, mdomo wako ukiwa karibu kabisa na sikio langu la kushoto, ulicheka ukasema, "Mzee, hapa lazima pawe na gati. Nipe miezi mitatu."

Maneno hayo uliyarudia baadaye chini ya turubai, kwenye kipaza sauti, na kina mama wa dagaa wakapiga vigelegele. Yale ya kwenye kipaza sauti ulituahidi sote. Ya sikioni uliniahidi mimi, na ndiyo ninayokuja kuyadai, maana miezi yako mitatu imeota ndevu.

Kwa kuwa barua ni ya wazi, na wapo watakaoisoma wakiwa hawajawahi kuliona ziwa, nieleze kidogo kazi yangu. Nawapeleka wageni kuvua sangara kwa fimbo na mshipi, Ghuba ya Mwanza na nje yake kuelekea visiwani. Mgeni wangu hafuati kitoweo. Kitoweo kipo sokoni. Analipia kuvutwa. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, upepo haujaamka, karabai za wavuvi wa dagaa (siku hizi ni taa za sola, lakini jina ni lilelile) zinazimika moja moja kwa mbali. Napunguza mashine mpaka iwe inanong'ona, tunakokota rapala kandokando ya miamba. Visamaki vya bandia vyote sisi tunaviita rapala, viwe vya kampuni gani. Sangara mkubwa hukaa kivulini mwa jiwe akimngoja furu au dagaa apite. Akishika, fimbo inapinda hadi inywe maji, uzi unatoka ukilia, halafu samaki anaruka mzimamzima, mdomo wazi, anatikisa kichwa kama mtu anayekana deni. Wengi wanampoteza hapo. Nimeshamwona wakili mzima wa Dar es Salaam akilia machozi, na siku iliyofuata akalipa tena.

Samaki wa chini ya sentimita 50 anarudi majini, hiyo ni sheria. Wale wakubwa kupita kiasi nawarudisha pia, na hiyo ni sheria yangu mwenyewe, kwa sababu majike makubwa ndiyo yenye mayai mengi. Vijana wa mwaloni walisema nimerogwa. Mtu anamwachia samaki wa kilo arobaini aende, na bondo, kile kifuko chake cha hewa kinachouzwa ghali, tumboni! Bei ya bondo wanaijua. Na mimi naijua, tena kuna usiku imeninyima usingizi. Lakini samaki yule akivuliwa na wavu analipa mara moja. Akiwa hai, ananiletea watu wenye kamera, wanaolala kwenye nyumba za wageni, wanaokula sato wa mama ntilie, wanaopanda bodaboda. Wewe mwenyewe uliuita "utalii wa michezo" chini ya lile turubai. Nilipenda hilo neno. Nililiandika kwenye ubavu wa boti.

Na sangara mwenyewe ni mgeni humu, Mheshimiwa. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawala furu mpaka aina nyingi zikatoweka, nasi tukamzoea, tukamjengea na viwanda vya minofu. Huyo tulimpokea kwa heshima kuliko tunavyowapokea hawa wanaokuja na pesa mkononi.

Maana wanapokelewaje? Gati letu la zamani, la mbao, lilimezwa mwaka 2020 ziwa lilipopanda kiasi ambacho wazee hawakukiona tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwaka 2024 likapanda tena, likachukua na zile nguzo mbili zilizobaki tulizokuwa tunafungia kamba. Tangu hapo, kuingia kwenye boti ni kuvua viatu, kukunja suruali na kutembea hatua thelathini kwenye maji yenye magugu. Na humo kwenye magugu ndimo wanamokaa konokono wa kichocho. Mgeni wa siku hizi husoma kabla hajasafiri. Swali la kwanza si bei, si ukubwa wa samaki. Ni hili: "Hapo kwenu mnaingiaje kwenye boti?" Mwenyewe nimeshameza dawa za kichocho mara nyingi, mpaka nesi akinichukulia kimo ananicheka kwamba bado sijarefuka. Mgeni siwezi kumwambia ameze. Kwa hiyo namwambia, "Usijali, nitakubeba."

Nimebeba madaktari. Nimebeba maharusi, mmojammoja. Nimembeba mzungu wa kilo mia na kumi aliyeniomba msamaha njia nzima.

Na Jumamosi ya juzi nilimbeba mwalimu mstaafu kutoka Singida. Watoto wake walichanga wamlipie siku moja ziwani kwa kutimiza miaka 65. Alifundisha jiografia maisha yake yote na hakuwahi kuliona Ziwa Victoria. Tulipotoka tu ghubani akasimama kwenye boti, nikamsihi akae, akakataa, akaanza kutusomea kama tuko darasa la tano: "Kilometa za mraba elfu sitini na nane na mia nane! Kubwa kuliko yote Afrika! Zaidi ya nusu ni letu sisi!" Saa mbili asubuhi akampata sangara wa kilo kumi na nane. Alimvuta mwenyewe, dakika ishirini, hakukubali kusaidiwa, jasho likimtiririka chini ya kilemba. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha vile.

Tuliporudi nikampa mgongo. Hatua ya ishirini hivi nikakanyaga jiwe lililofunikwa na magugu. Niliteleza mimi, Mheshimiwa. Simlaumu mtu kwa hilo, mguu ulikuwa wangu. Tulizama wote wawili. Alipoinuka mkono wake ulikuwa umepinda pale kwenye kifundo, na kitu cha kwanza alichosema, magugu yakining'inia kwenye kilemba chake, ni "Pole baba, nimekuumiza?"

Tulimpeleka hospitali, mkono ukafungwa plasta ngumu. Hela yao nimewarudishia yote, ya mafuta nimekopa. Mwanawe hakunitukana, aliweka picha tu kwenye makundi ya WhatsApp, na ile picha imetembea kuliko boti yangu. Wageni wa safari tatu wamenipigia kuahirisha, kwa lugha ya adabu kabisa. Mkopo wa mashine ya HP 15 hauna adabu hiyo, unadai kila tarehe tano.

Sasa nirudi kwenye barua zangu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliileta mwenyewe, nikakutana na afisa wako mmoja, kijana mpole, akanifungulia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, akanionesha kwa kalamu kwamba shughuli za kudumu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nikamuuliza kwa heshima zote: mwanangu, gati huwa linajengwa mita ngapi kutoka majini? Akafikiri kidogo. Akasema, "Mzee, acha barua." Nikaacha barua. Ya tatu ilikuwa ya kuuliza habari za ile ya pili.

Mtaani wana maelezo yao. Wapo wanaosema fedha ya gati ilihamishiwa kwenye madarasa. Kama ni hivyo, sawa, watoto wakae kwenye madawati, ila mngetuambia, tusingekuwa tunachungulia barabarani kila lori la mchanga likipita. Wengine wanasema fedha haikuwahi kuwepo, ulisema tu kwa furaha ya kufika nchi kavu. Na jamaa mmoja wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia mwalo, ameshikilia kwamba mnangoja sisi wadogo tuchoke, wageni wote wakapandie kwenye hoteli zenye magati yao, ambako mtu kama mimi analipishwa kabla hata hajafunga kamba. Ushahidi sina. Lakini sasa hivi huyo jamaa ndiye mwenye wasikilizaji wengi kijiweni, na kila siku unayokaa kimya unamwongezea.

Tunacholipa kinajulikana. Leseni ya chombo ipo. Leseni ya uvuvi ipo. Cheti cha usalama kipo, jaketi okozi zipo na zimekaguliwa. Ushuru wa mwalo nalipa kila nikitoka, risiti inachomoza kwenye kimashine palepale, ina saa na dakika. Kile kimashine kilitangazwa Jumatatu, Jumatatu iliyofuata kikawa kimefika, na aliyekileta alibebwa mgongoni na kimashine kikiwa kifuani kwake kama mtoto. Hicho hakikuulizwa habari za mita 60.

Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kule Ukara kikiwa kimekaribia kabisa kufika, tukazika zaidi ya watu 220. Silinganishi mkono uliovunjika na msiba ule, Mungu aniepushe. Ila tangu siku ile, sisi tunaoishi kwa kupakia watu hatuna utani na hatua za mwisho kabla ya nchi kavu. Nilidhani na nyinyi hamna.

Mheshimiwa, wakati naanza kukuandikia nilikuwa naomba gati la zege, lenye taa, lenye choo cha wageni karibu. Barua ya pili nikaondoa taa na choo. Ya tatu nikaondoa zege, nikaomba mbao. Leo siombi gati. Siombi hata shilingi. Fundi wetu wa mitumbwi amepiga hesabu: mapipa ishirini na manne ya plastiki, mbao, kamba na misumari. Litakuwa gati la kuelea, ziwa likipanda nalo linapanda, likishuka linashuka. Tumechanga. Mapipa kumi na tisa tayari yamepangwa nyuma ya nyumba yangu, na mke wangu kila asubuhi ananiuliza kama nafungua kiwanda cha gongo. Sheria yako inasema shughuli za kudumu. Mapipa yaliyofungwa kamba si ya kudumu, usipoyalinda usiku mmoja tu yameibwa.

Kinachokosekana ni karatasi moja yenye sahihi yako, inayosema turuhusiwe kuyaweka majini bila kukamatwa. Hiyo tu. Nimeona sahihi yako kwenye vyeti vya ushiriki, ni fupi, haichukui hata sekunde tano. Naomba hiyo karatasi. Kama haiwezekani, naomba nyingine iliyoandikwa kwamba haiwezekani, niyauze mapipa.

Jumapili nilimpigia yule mwalimu kumjulia hali. Mkono unauma usiku, anasema, lakini ameibandika picha ya sangara wake sebuleni, na ameniuliza mwakani gati litakuwa tayari, maana anataka kumleta na dada yake. Nikamjibu kwamba kuna kiongozi aliyeahidi. Akanyamaza. Alifundisha miaka mingi yule mama, anajua sauti ya mwanafunzi asiye na jibu.

Jumamosi hii nina wageni wanne ambao hawajaghairi, saa kumi na moja alfajiri. Ukipenda njoo uone wanavyopanda. Nafasi kwenye boti ipo, sitakutoza. Ila safari hii mgongo wangu una bandeji na daktari amenikataza kubeba mtu, kwa hiyo uje na ndala.

Wako,
Mzee wa boti ya Utalii wa Michezo