Kabla ya Kuupeleka Mswada wa Riwaya Yako ya Kwanza kwa Mchapishaji

Waandishi wengi wanaofika ofisini kwetu hapa Dar es Salaam na riwaya yao ya kwanza huuliza jambo moja kabla hata hawajaketi: kuchapa nakala mia tano ni shilingi ngapi? Kusanifu kurasa na kusimamia uchapaji ni sehemu ya huduma zetu, hivyo jibu tunalo. Lakini kwa mtu ambaye ametoka tu kuandika sentensi ya mwisho, huwa tunamwomba asubiri. Kiwanda cha uchapaji hupokea faili na fedha, kisha hutoa maboksi ya vitabu. Hakihariri, hakitangazi wala hakisambazi. Kampuni ya uchapishaji, kwa upande wake, huteua mswada, hugharimia uhariri, jalada na uchapaji, na humlipa mwandishi mrabaha ambao aghalabu huwa karibu asilimia 10 ya mauzo. Tunashauri hodi ipigwe kwanza huko, kwa sababu fedha yako utaweza kuitumia wakati wowote, ilhali kitabu kilichokwisha kuuzwa mitaani ni vigumu kukipeleka kwa mchapishaji kama kazi mpya. Haraka hiyo hiyo hufunga pia njia ya tuzo: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hushindanisha miswada ambayo bado haijachapishwa.

Ni vyema mwandishi alielewe soko analoingia. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi huishi zaidi kwa vitabu vya shule, na riwaya inapowafikia, mara nyingi hupimwa pia kwa swali la iwapo mwanafunzi anaweza kuisoma darasani. Ndiyo maana riwaya nzuri ya mapenzi au ya upelelezi iliyokusudiwa watu wazima inaweza kukataliwa pasipo kasoro yoyote katika uandishi wake. Pitia orodha ya vitabu vya kampuni husika kabla ya kutuma chochote. Anayechapisha vitabu vya kiada tu hatageuka kwa ajili yako.

Mswada wenyewe ndio unaotushughulisha zaidi, na hasa kurasa zake za mwanzo. Miswada mingi tunayoipokea hufunguka kwa jogoo kuwika, jua kuchomoza, mhusika mkuu kuamka, kupiga mswaki, kunywa chai na kukumbuka utoto wake, halafu maiti iliyopaswa kuwa kwenye ukurasa wa kwanza inaonekana ukurasa wa kumi na mbili. Mhariri mwenye rundo la miswada mezani hatafika huko. Ukiona tukio linaloanzisha kisa limejificha sura ya pili, jaribu kuiondoa sura ya kwanza yote na uone ni nini hasa msomaji atakachokikosa. Mara nyingi ni aya mbili tu, nazo zinaweza kuingizwa mahali pengine. Baada ya hapo, fuatilia majina na nyakati. Bi Mwanaidi wa sura ya tatu asigeuke Bi Mwanahawa katika sura ya tisa, wala mimba iliyoingia wakati wa masika isizae mtoto kabla ya vuli ya mwaka huo huo. Makosa ya herufi, kama vile “uwa” mahali pa “huwa”, yanasahihishika, lakini yakijaa ukurasa wa kwanza humfanya mhariri ahisi kwamba mwandishi hakujisumbua kusoma alichokiandika.

Muhtasari wa hadithi unaoambatana na mswada nao huharibiwa na hila moja: mwandishi huuficha mwisho wa hadithi ili kumtia msomaji hamu. Mhariri wa kampuni si mteja wa dukani. Anataka kuona kama fumbo linafumbuka na kama mwisho umetokana na yaliyotangulia, kwa hiyo mweleze waziwazi nani alimuua nani na kwa nini, katika ukurasa mmoja.

Wapo wanaochelea kuibiwa hadithi. Sheria ya Tanzania inamlinda mtunzi tangu kazi inapoandikwa, katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, si sharti la kupata haki hiyo, bali hukupa ushahidi pakizuka mgogoro. Hatari tunayoiona mara nyingi zaidi imo kwenye mikataba, hasa kifungu kinachokabidhi kwa mkupuo haki za tafsiri, filamu na kitabu cha sauti kwa kampuni isiyofanya kazi hizo. Omba zibaki mikononi mwako, na omba pia haki za kuchapa zikurudie iwapo kitabu kitatoweka sokoni. Kampuni inayokudai mchango wa gharama ichukulie kama duka la huduma, na uilinganishe kwa bei na maduka mengine, sisi tukiwemo.

Endapo hatimaye utaamua kuchapisha mwenyewe, ISBN, yaani namba ya kimataifa ya utambulisho wa kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Katika uchapaji wa ofseti, yaani ule wa mabamba unaotumika kwa nakala nyingi, kurasa hupangwa kwa mafungu, kwa kawaida ya 16, hivyo kitabu cha kurasa 258 hula karatasi sawa na cha kurasa 272. Kupunguza kurasa mbili kwenye usanifu huokoa fungu zima.

Kwa anayehitaji tathmini, tunapokea kurasa 30 za mwanzo pamoja na muhtasari wenye mwisho wa hadithi. Tutakueleza kwa maandishi kama mswada uko tayari kutumwa, unahitaji uhariri wa lugha tu, au unahitaji kupangwa upya, na bei ya kila hatua utaijua kabla kazi haijaanza. Hatuna uwezo wa kumhakikishia mtu kwamba atapata mchapishaji, na ada yetu haihusiani na jibu ambalo kampuni itakupa.